Mti Ule Ule, Maji na Mafuta ya Kondoo

Amani iwe kwenu, majirani zangu wa Waithaka. Kaeni vizuri, mimi si mtu wa dakika mbili. Masomo niliachia darasa la sita, na leo dawa zangu za miti zinanunuliwa kutoka hapa mpaka Karen, kwenye nyumba ambazo mageti yake ni mapana kuliko duka langu. Sikuwa na mjomba serikalini. Ni mikono hii, na mama aliyenifundisha. Naringa kidogo, mtanisamehe, lakini leo nimekuja kuwaambia jinsi nilivyoanguka.

Ndugu zangu, mama yangu mnamjua kwa ile dawa ya miguu. Fundi wa mjengo anayeshinda ndani ya viatu vya mpira vya gambuti, muosha magari, muuza samaki, yeyote aliyeoza katikati ya vidole alikuja kwake. Mama alitwanga gamba la mti wa muthiga, lile linalochoma ulimi kama pilipili, akalikaanga polepole kwa mafuta ya mkia wa kondoo, akachuja kwa kitambaa. Unapaka, unavaa soksi, unalala.

Shida ilikuwa harufu. Wateja wangu wa Karen walifungua kikopo wakarudisha kichwa nyuma. Mmoja akaniuliza, "Mzee, hii ni dawa ama ni nyama choma?" Basi mimi, mtu wa akili nyingi, nikawaza: dawa ya tumbo tunachemsha kwa maji, ya kifua tunachemsha kwa maji, hii ya miguu ina nini? Nguvu ni ya mti, kondoo anaongeza nini? Nikachemsha gamba, nikajaza chupa safi zenye lebo. Rangi yake kama chai ya rangi. Ikauzwa, jamani! Nikatembea kifua mbele.

Halafu watu wakaanza kurudi. Fundi mmoja alivua kiatu pale pale dukani, akaweka mguu juu ya kaunta. "Angalia, boss. Nimeosha na hii maji yako mpaka ikaisha. Hii kitu inanicheka tu." Wateja wakaangua kicheko. Duka likapoa. Ndipo mtu mmoja akaenda kusema sokoni kwamba hata ile dawa ya zamani ya mama ilikuwa uongo, miguu ilikuwa inapona yenyewe.

Neno hilo likamfikia mama. Hapo ndipo nilipoanguka. Duka si kitu, duka hufunguliwa tena. Nilimkuta jikoni, kinu amekifunika gunia. Mama huniita Baba, maana nina jina la baba yake. Akaniambia, "Baba, labda nimedanganya watu maisha yangu yote. Walikuwa wanapona, nikafikiri ni mimi."

"Mama, wacha maneno ya sokoni."

"Mimi ni mzee. Afadhali nijue."

Hakutwanga tena. Akawa mtu wa kukaa juani, mikono mapajani. Mke wangu akawa anamletea njegere za kuambua, ili ile mikono ipate kazi. Mke wangu ni mtu wa namna hiyo, hasemi mengi. Mimi nasema ya wawili.

Sasa, kati ya waliorudisha chupa alikuwa mama mmoja wa Karen aliyemnunulia mlinzi wake. Nikajiandaa kutukanwa. Kumbe yeye ni mtafiti wa dawa za mimea, anafanya kazi maabara upande wa Upper Hill. Akaniuliza swali moja: "Mama yako alikuwa anaitengeneza na nini?"

"Mafuta ya kondoo."

"Na wewe ukatumia maji."

"Maji safi kabisa!"

Akatabasamu. "Niletee gamba."

Nilivaa suti kwenda kule. Akagawa unga wa gamba mafungu. Moja akaloweka kwa maji, lingine kwa spiriti, lingine kwa kitu kinachonuka kama petroli, ambacho huvuta vile vitu vinavyopenda mafuta. Akachuja, akaacha yakauke, ikabaki dawa yenyewe, akaikoroga tena kwa spiriti kidogo. Alikuwa na visahani amepanda ukungu wa miguu, ule unaoozesha vidole, kama sisi tunavyopanda sukuma wiki. Kila kisahani akakitilia dawa yake katikati. Kimoja akakitilia spiriti tupu bila gamba, "ili tusije tukaisifu spiriti." Nikasema moyoni, huyu mtu ni mjanja kama mimi.

Siku ya majibu nilimpeleka mama. Visahani vikawekwa mbele yake. Penye dawa ya maji, ukungu ulikuwa umejaa mpaka katikati. Penye spiriti na gamba, duara dogo safi. Spiriti tupu, hakuna duara. Na penye ile inayopenda mafuta, ndugu zangu, duara pana! Ukungu umesimama pembeni kama ng'ombe waliofukuzwa shambani.

Mama akainama. "Hapa peupe ni nini?"

Mtafiti akamjibu kama anayemjibu bibi yake: "Ni dawa yako, cucu. Ukungu umeshindwa kuikaribia. Maji hayakuweza kuitoa kwenye gamba. Mafuta yaliweza."

"Kwa hivyo kondoo..."

"Kondoo alikuwa kazini."

Mama alicheka mpaka akajifuta macho kwa leso. Mimi na suti yangu nililia waziwazi, na nyinyi mnajua mimi silii. Mtafiti hakutuacha tupae. Alituonyesha duara la dawa ya hospitali, kubwa kuliko letu, akasema, "Hii ni sahani. Mguu wa mtu si sahani, bado kuna kazi."

Mama akamjibu, "Fanya kazi yako, binti yangu. Mimi leo nitalala usingizi."

Tukarudi kwenye mafuta ya kondoo. Dawa inanuka, na mwenye kisukari na kidonda namtuma hospitali kwanza, simuuzii.

Namshukuru Mungu. Namshukuru yule mtafiti aliyeuliza kabla ya kukasirika. Namshukuru fundi wa mguu juu ya kaunta. Wengine walinisengenya, yeye alinionyesha. Namshukuru mke wangu. Na funzo langu ni hili: kabla hujasema mti hauna dawa, uliza umeulowesha kwenye nini. Hata mtoto wako, hata mume wako, kabla hujasema hafai, anza kwa kuuliza hivyo.

Na mama yangu yuko pale nyuma na akina mama. Mama, simama wakuone. Simama. Hataki. Haya, kaa, mama. Watakuona ukiwa umekaa.