Nguo ya Osiako

Katika basi la kutoka Mumias, wanaume wawili wa kiwanda cha sukari waliketi mbele yangu wakibishania nafasi moja ya kwenda Kisumu kwa mashindano ya kuogelea.

"Osiako, juzi hukunishinda wewe," alisema mmoja. "Ni hiyo nguo dada yako alikuletea kutoka Ujerumani. Inatelezanga majini kama kambare."

Mimi nilidhani, Bwana anisamehe, nguo ni ya kusitiri mwili tu.

Osiako akaitoa mfukoni, akamwekea mapajani. "Basi kesho tukishindana tena, ivae wewe, Shikanga. Mimi nitaogelea na kaptura yangu ya zamani. Ukinipita, Kisumu ni yako."

Shikanga aliipapasa kwa muda mrefu. "Na nikishindwa nikiwa nayo?"

"Hapo utatafuta mwingine wa kulaumu, ndugu yangu."

Basi likasimama Kakamega. Sisi tulioketi nyuma tukamngoja Shikanga ainuke, tuone kama atashuka na ile nguo.