Baba Kigingi Anaondoka, Kitalu cha Tatu Bado Hakijapandwa

Nyie wa ofisini, huku vitaluni kuna simba hata hamkanyagi? Mara ya mwisho mlikuja alizeti ikiwa imechanua, mkapiga picha, mkaondoka na maua, mkatuachia magugu. Leo ndiyo mnataka kumjua mtu. Haya, someni.

Msimamizi wetu wa vitalu, tunayemwita Baba Kigingi, ametumikia kituo hiki cha utafiti wa kilimo miaka thelathini na mmoja. Anastaafu Ijumaa hii, tarehe thelathini. Alianza kwa kuchimba mashimo ya nguzo za uzio, akapewa jembe, akapewa kamba ya kupandia, mwisho akapewa sisi vibarua, na hapo ndipo mvi zilipomwota. Kwa umri ni mdogo wangu, ila kibarua hana tarehe ya kustaafu, kwa hiyo nabaki na ruhusa ya kumsema.

Kazi yake ni hii. Mbegu ya alizeti ya aina moja inapandwa vitalu vitatu: cha kwanza mvua ikianza, cha pili wiki mbili baadaye, cha tatu wiki mbili tena. Palizi ileile, mbolea ileile, ili ijulikane mkulima akichelewa anapoteza nini. Cha mwisho mara nyingi hutoka kifupi, vichwa vidogo, punje nyingi mapepe. Lakini kuna mwaka cha kwanza kilikomaa mvua bado inamwaga, vichwa vikaoza, cha katikati kikashinda. Mvua haina mjomba. Tukimtania kwamba chelewachelewa utakuta mwana si wako, hujibu kwamba yeye analipwa kuchelewa.

Misimu miwili iliyopita alilazwa hospitali. Wenzetu wakaona wamfurahishe. Mvua ya kwanza tu, wakapanda vitalu vyote vitatu siku moja, wakaosha majembe, wakakaa kungoja pongezi. Aliporudi akakuta alizeti zimelingana kama askari wa gwaride. Alicheka mpaka akakaa chini. Msimu mzima ulikwenda na maji. Wakulima waliokuja kuuliza kama bado wapande au waache, walirudi makwao bila jibu.

Ndiyo maana wiki hii hakai. Mvua imechelewa, kitalu cha pili kimepandwa juzi, na siku ya cha tatu itamkuta yeye yuko nyumbani. Aliomba aongezewe wiki mbili. Mkuu wa kituo, mtu mwema, akamwambia kwa upole kwamba sheria ni sheria. Tangu hapo anazunguka. Anang'oa kigingi, anakirudisha palepale. Chai inampoa mkononi. Mkewe ametuletea malalamiko: hata kitandani anachora mistari ya kupandia kwenye shuka.

Jana alitukusanya, akaitoa ile kamba, akamkabidhi dereva wa trekta, yuleyule kinara wa kupanda vyote siku moja. Tuliguna wote. Akatuambia tunyamaze, aliyeumwa na nyoka hahitaji kufundishwa kuangalia chini. Dereva hakutania, na utani ndio chakula chake. Leo alfajiri tumemkuta amesimama kwenye ardhi tupu ya kitalu cha tatu, kamba shingoni, analinda.

Baba Kigingi, mwanangu, umetufokea vya kutosha na umetufaa kuliko ndugu. Nenda. Magoti yapumzike, usingizi ukurudie, na mkeo achelewe kukuchoka. Tunakushukuru kwa kila mstari ulionyooka.

Nanyi wasomaji, mkija msimu huu, vaeni viatu vya matope. Mtaona kitalu kitupu kando ya viwili vilivyoota: msikionee huruma, msikitupie hata punje moja kabla ya siku yake. Na mkimkuta mstaafu hapo, mpeni kiti na chai ya moto, lakini kiti kikae nje ya uzio.