Kisu cha Nahodha

Benchi letu liko nje ya duka la kinyozi, mahali barabara inapoanza kuteremka kwenda majini. Ni ubao mrefu juu ya matofali, na upande mmoja umeinama, kwa hiyo anayewahi hukaa upande wa juu na anayechelewa hushikilia ubao kwa mikono asiteleze. Maji yenyewe hayaonekani kutoka hapo, ghala la mbao limeyaziba. Mimi nina jiko langu la mkaa, birika na vikombe, na mwanangu yuko mgongoni. Kazi yangu ni kumimina kahawa. Kuongea wanaongea wao: Kinyozi, mwenye duka, Injinia, ambaye hajawahi kujenga daraja lolote bali anaziba pancha za baiskeli pale pembeni, na Mzee Taarifa, anayetembea na redio ndogo kwapani na kujua habari kabla hazijatokea. Mume wangu wamempa jina la Nahodha, kwa sababu anavua kwa kayaki, kile chombo chembamba cha plastiki cha mtu mmoja, ambacho unakaa umenyoosha miguu mbele na kupiga kasia lenye vichwa viwili. Nahodha wa meli isiyo na abiria, ndivyo wanavyomtania.

Asubuhi hiyo Kinyozi alitoka dukani, akafuta mikono kwenye aproni, akatoa kitu mfukoni na kukiweka katikati ya benchi.

— Hiki ndicho, akasema. Kitazameni vizuri.

Nilikitambua kabla hajakiachia. Kisu kifupi, mpini wa rangi ya machungwa, ncha imekatwa butu ili isimchome mwenyewe, upande mmoja makali na upande mwingine meno kama ya msumeno. Kilikuwa kisu cha mume wangu.

— Kidogo hivi? Injinia akauliza.

— Kidogo wewe. Hiki kimemrudisha mtu duniani.

Hapo alisema kweli. Wiki iliyopita mume wangu alikuwa ametia nanga, anavua. Gogo likaja na mkondo, likanasa kamba ya nanga na kuanza kuivuta. Kayaki ikalala ubavu, yeye akaanguka majini, na kamba ikamzunguka kifundo cha mguu. Kisu kilikuwa kifuani, kwenye ala iliyoshonwa kwenye jaketi lake la kujiokolea. Akakata kamba. Alirudi nyumbani na kandambili moja, bila nanga, akaomba chai. Hakunieleza zaidi, mengine niliyasikia hapa kijiweni. Mimi nilimwambia jambo moja tu: usiingie tena majini bila hicho kisu. Hakujibu. Ni mtu wa maneno machache, na mimi pia, kwa hiyo si kila mara tunajua kama tumesikilizana.

Jana jioni Kinyozi alikiomba akinoe. "Nitakuletea mwenyewe ufukweni alfajiri, kabla hujashusha chombo," alimwambia, na mimi nikiwapo. Alfajiri mume wangu akatoka. Sasa jua lilikuwa limeshapanda juu ya paa la ghala, na kisu kiko kwenye benchi.

— Shemeji, nikaanza.

— Ndiyo, shemeji, jaza, jaza. Kinyozi akanisogezea kikombe bila kunitazama.

Nikajaza.

Upande ulioinama alikaa mtu nisiyemjua. Baiskeli yake ilikuwa imepinduliwa magurudumu juu mbele ya Injinia, tairi moja limeshavuliwa. Alishika ubao kwa mkono mmoja na kikombe kwa mkono mwingine, akasikiliza.

— Tuseme ukweli, akasema Kinyozi. Kilichomwokoa Nahodha ni makali. Kamba iliyolowa ni kama nywele zilizolowa. Ukiijia na kisu butu inakukwepa tu. Na ni nani anayemnolea? Mimi.

— Acha hizo, bwana, Injinia akasema. Ni mahali kilipokaa. Kifuani, katikati. Mkono wa kulia unakifikia, wa kushoto unakifikia. Kingekuwa ndani ya kikapu cha samaki, leo tungekuwa msibani.

Neno hilo sikulipenda. Nikamtazama Kinyozi. Alikuwa anapuliza kahawa yake.

— Halafu kuna uzito, Injinia akaendelea. Kisu kikiwa kifuani, mtu akipinduka kinamgeuza uso juu. Hiyo ni hesabu.

— Hesabu gani? Kisu chenyewe kizito kama kijiko!

— Hata kijiko kingesaidia.

— Basi mimi nimeshaokoka mara nyingi, maana kijiko nakishika kila siku.

Mzee Taarifa akaweka redio magotini, akaipiga kofi mgongoni kama mtoto aliyepaliwa.

— Nyote mmepotea, akasema. Redio ilishalieleza jambo hili.

— Mzee wangu, redio yako haina betri tangu mwaka jana.

— Ndiyo maana naisikia vizuri. Haina makelele.

— Haya, ilisemaje?

— Chuma king'aacho majini, samaki wanakiona kama mwezi. Wanakifuata. Wakishakusanyika, wanamsukuma mtu juu. Nahodha hakuogelea, nyinyi. Alisindikizwa.

Kinyozi alipaliwa na kahawa.

— Asindikizwe na samaki hao hao anaowavua?

— Walikuwa wanamrudisha kwake. Wamemchoka.

Wakacheka, ubao ukatikisika, mgeni akateleza na kujivuta tena juu. Mimi nikamsogelea Mzee Taarifa, maana kati ya wote yeye ndiye simwonei haya sana.

— Baba, hicho kisu...

— Usikiogope, mwanangu, ncha yake butu. Hebu niongezee, lakini usijaze mpaka juu, mkono wangu siku hizi unacheza.

Nikamwongezea.

— Na lile halikuwa gogo, akasema Mzee Taarifa baada ya kunywa.

— Lilikuwa nini sasa?

— Gogo linaelea na kupita zake. Gogo halina haja na kamba ya mtu. Kinachovuta kamba kina mdomo.

— Ulikuwapo, mzee?

— Wewe ulikuwapo?

Injinia akakuna kidevu kwa spana.

— Huyo mwenye mdomo, ana urefu gani?

— Kutoka hapa mpaka ile nguzo ya taa. Na hapo amejikunja.

— Kama ni hivyo, kisu kimoja hakitoshi, akasema Injinia, na macho yake yaling'aa kama mtu aliyepewa kazi. Avae vitatu. Kimoja kifuani, kimoja mguuni, na kimoja chini ya kofia.

— Kichwa kile nakinyoa mimi, Kinyozi akasema. Hakina nafasi ya kisu. Hata kofia yenyewe imekaa kwa huruma.

— Na kila kisu kifungwe kwa uzi, kisije kikaangukia majini.

— Nyuzi zikimzonga je?

— Ndiyo maana kuna cha nne. Cha kukatia nyuzi za hivyo vitatu.

Nyuma ya ghala nilisikia boti ya injini ikiunguruma, ikapita, halafu kukawa kimya. Mwanangu akageuza kichwa upande ule, kama na yeye anasikiliza. Nikaweka birika chini.

— Shemeji Kinyozi, nikasema, na safari hii nilisikia sauti yangu mwenyewe, naomba kuuliza...

— Ngoja kwanza, shemeji, hili utalifurahia! Kinyozi akasimama, akainua kisu juu kwa mikono miwili. Kitu kama hiki si cha kurudi kwenye magamba ya samaki. Nitakitundika dirishani, juu ya kioo. Chini yake naandika kwa rangi nyekundu: Kiliokoa maisha, kimenolewa hapa.

— Ongeza mstari mmoja, akasema Injinia. Baiskeli, ulizia jirani.

— Na mimi je? Mzee Taarifa akauliza.

— Wewe utakaa chini yake uwaeleze wateja habari za samaki. Mtu akisikiliza sana, atakubali mpaka ndevu zinyolewe.

Wakaanza kubishana kama dirisha lifutwe kwanza au kisu kitundikwe kwanza. Kisu kilizunguka mkono hadi mkono. Injinia alijaribu meno yake kwenye mpira wa tairi, na kweli yalikata, akashtuka kwa kuwa ulikuwa mpira wa mgeni. Mzee Taarifa alikipeleka karibu na redio asikie kama kinasema kitu, kisha akamrudishia Kinyozi. Mimi nilikuwa namwona mume wangu katikati ya maji, ameketi miguu imenyooka, mkono wake unapapasa kifuani na kukuta ala tupu.

Mgeni akakohoa.

— Samahani, akasema. Mimi si mtu wa hapa, nasubiri tairi langu, ambalo naona sasa lina pancha mbili. Lakini huyo Nahodha mwenyewe yuko wapi?

— Majini, Kinyozi akajibu upesi. Leo anavua.

— Amekwenda na kisu kipi?

Injinia aliangalia spana yake. Hata ile redio ilionekana kunyamaza zaidi ya siku zote. Kinyozi alikitazama kisu mkononi mwake kama mtu aliyekuta mkono huo ni wa mtu mwingine.

— Nilisema ninywe kikombe kimoja tu kabla ya kumpelekea, akasema polepole.

Sikungoja amalize. Nilikipokonya mkononi mwake, nikakaza mbeleko, nikashika njia ya kuteremka. Nyuma yangu nilisikia ubao ukianguka na matofali yakifuata, kisha miguu yao: aproni ya Kinyozi ikipigapiga hewani, Injinia na tairi begani, na Mzee Taarifa akipaza sauti kwamba hii ndiyo habari aliyoitabiri.

Nilizunguka kona ya ghala roho mkononi. Maji yalikuwa meupe kwa jua. Nikatafuta ile rangi ya njano ya kayaki yake, karibu, mbali, mbali zaidi. Sikuiona. Palikuwa na boti ya injini ikienda zake, na ndege, basi.

Ndipo nikasikia wanawake wakicheka.

Walikuwa wale wanaoparua samaki pale ufukweni, kila mmoja na beseni lake. Walikuwa wanamcheka mtu. Nikageuka, nikamwona. Kayaki ilikuwa nchi kavu, juu ya mchanga, na mume wangu ameketi ndani yake, jaketi limefungwa vifungo vyote, kasia limelala magotini, miguu imenyooka mbele, anatazama maji kana kwamba anaelea.

— Nahodha, angalia wimbi hilo! mwanamke mmoja akamwita. Utalowa!

Hakumjali. Aliponiona, akashangaa kidogo tu.

— Unafanya nini hapa? nikamuuliza, nikitweta.

— Nasubiri.

— Tangu alfajiri?

— Si ulisema nisiingie bila kisu?

Nikaketi mchangani na mtoto wangu mgongoni, kicheko kikanitoka, na machozi yakaja humo humo, sikuweza kuyatenganisha. Alinitazama kwa wasiwasi, kama mtu asiyejua amekosea wapi. Nikashindwa kumweleza kwamba hajakosea popote.

Kinyozi alifika wa pili, ameshika kiuno.

— Nahodha, ndugu yangu! Nilikuwa nakuja.

— Naona.

— Tulikuwa tunakisifu kisu chako.

— Mmemaliza?

Wanawake wa samaki wakapiga vigelegele. Kinyozi akainamisha kichwa, akasema amemaliza, na kwamba kinoo chake kitakuwa bure kwa Nahodha maisha yake yote. Nikamkabidhi mume wangu kisu. Akakisukuma kwenye ala, ikatoa mlio mdogo. Nilikuwa sijawahi kumwamuru mbele za watu.

— Kitoe kwa kushoto, nikasema.

Akakitoa.

— Sasa kwa kulia.

Akakirudisha, akakitoa kwa kulia, tena akiwa ametazama pembeni ili nione kwamba hahitaji macho. Basi nikasimama, nikapangusa mchanga, nikaweka mikono yangu miwili nyuma ya kayaki na kuisukuma mwenyewe mpaka maji yakaipokea. Alipiga kasia mara chache, halafu akagusa kifua chake na kunipungia mkono.

Tulipopanda kurudi, wale watatu walikuwa wameshaanza tena. Injinia alisema leo kilichomwokoa Nahodha ni msuguano wa mchanga. Kinyozi alisema ni kule kuchelewa kwake yeye, kwa kuwa mtu akipumzika asubuhi anavua vizuri zaidi. Mzee Taarifa alisema samaki walikuwa na habari zote.

Mgeni tulimkuta ameshasimamisha benchi upya, na kwa mara ya kwanza lilikuwa limenyooka. Alikuwa ameketi katikati yake, kikombe mkononi.

— Ehe, akasema. Alikwenda na kipi?

Wote watatu wakafungua midomo.

— Hakwenda, nikasema mimi. Alikuwa anakisubiri.

Wakafunga midomo. Kinyozi akanisogezea kikombe. Nikalichukua birika na kulipindua mbele yao: halikutoka hata tone. Mgeni akaficha kikombe chake kilichojaa kahawa nyuma ya mgongo.