Mimi Ndiye Niliyemnyamazisha Mwanangu

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Leo sikuja kusimulia nilivyopona homa. Nimekuja kutubu mbele yenu, mnivumilie.

Mume wangu alikuwa dobi katika hoteli moja ya Kikambala. Mimi na binti yetu Mbithe tulipanga chumba Takaungu, baba yake akija mara moja kwa mwezi. Sisi ni watu wa Machakos. Siku ya kwanza nilipofungua mdomo dukani, wanawake walikicheka Kiswahili changu cha bara mpaka wakaegemeana. Hawakuwa wabaya, lakini mnanijua, mimi nina hasira za karibu! Nikarudi chumbani nikajifungia. Nikamwambia mtoto, "Ukitoka nje usiseme kitu. Watakucheka."

Mtoto wa miaka mitano akatii. Ee Mungu, nisamehe! Akatii hata ndani. Akirudi kutoka chekechea, mimi nachambua mchele, yeye anatazama ukuta. Nikiwasikia wenzangu wakipiga soga uani, machozi yananitoka. Nilikuwa mpweke, ndugu zangu, mpweke hasa! Mwalimu wa chekechea akaniita. "Mama Mbithe, mwanao hajasema hata neno moja tangu aje. Akiendelea hivi, darasa la kwanza hawatampokea." Nililia njia nzima.

Nikaomba. Nilitaka malaika, Bwana akaleta kitabu! Mume wangu alikuja na kitabu cha hadithi za watoto kilichoachwa na mgeni hotelini, cha Kijerumani, chenye picha za bata na mvua. Hakuna kati yetu aliyeweza kukisoma. Nikamkalisha Mbithe mkekani tutazame picha. Akamgusa bata kwa kidole, akanong'ona, "Huyu amekataa kuoga." Nami, mjinga mimi, nikamkatiza: "Si hivyo, sema vizuri!" Akakifunga. Siku mbili hakukigusa.

Ndipo Bwana akanifumbua macho: anayemtisha mtoto huyu si majirani, ni mimi! Nikamwambia, "Mwanangu, mama hajui kusoma kitabu hiki. Wewe ndiwe mwalimu, nisomee." Tangu hapo, kila alasiri alinisomea. Mimi nilijifunika leso nikawa bata, yeye akawa mvua, ananimwagia maji kwa kikombe. Akiuliza, "Umeelewa?" najibu, "Nimeelewa, mwalimu." Sikumrekebisha tena. Upweke haukuisha, nisiwadanganye. Mara nyingine bata alikuwa akilia ndani ya leso.

Siku moja jirani yetu Bi Zena alikuja kuazima mbuzi ya kukunia nazi. Akamsikia Mbithe akisoma, akaangua kicheko. Lo! Nikasimama nimjibu. Mbithe akanishika gauni. Akamngoja Bi Zena amalize kucheka, kisha akasema, "Shikamoo. Kaa chini, bado hakijaisha."

"Marahaba, mwanangu," akasema Bi Zena. Akavua viatu, akaketi. Alikuwa mtu wa kwanza kuketi mkekani kwetu tangu tuhamie. Nikatoka uani kuweka chai, nikalia kwa furaha!

Hata chekechea akaanza kusema, na darasa la kwanza wamempokea, Mungu ashukuriwe! Ndugu yangu unayemjibia mtoto kila akiulizwa neno, mwamini Bwana aliyemuumba. Keti naye, mpe kitabu, hata kama hukijui, kisha umsikilize.

Sasa Mbithe ameniambia ana maneno yake ya kuwaambia leo. Sijui ni yapi, wala sikumuuliza. Nakaa chini.