Midomo Iliyosomwa Miaka Ishirini na Saba

Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni, mwalimu wa chumba cha matamshi anastaafu baada ya kuitumikia shule yetu ya watoto viziwi kwa miaka ishirini na saba. Anaondoka miaka minne kabla ya umri wake wa kustaafu. Wageni wetu wanastahili kuelezwa sababu, naye mwenyewe ameagiza kwamba isipambwe.

Wanafunzi walimpa jina la Mwalimu Dirisha, kwa kuwa hakuwahi kufundisha akiwa amelipa dirisha kisogo. Alikaa akilielekea, mwanga umwangukie usoni, na watoto wamtazame mdomoni. Kazi yake ilikuwa kuwafundisha kusoma midomo. Lugha ya alama watoto wetu wanaimudu kuliko sisi tunaowafundisha. Lakini nje ya geti hili, muuza duka haijui, karani haijui, na mara nyingi hata baba mzazi haijui. Mtoto asiyeweza kusoma mdomo wa daktari hubaki akimtazama mama yake akilia, asijue kinacholiliwa ni nini, wala kwamba pengine anayeliliwa ni yeye.

Wapo waliodhani kwamba Mwalimu Dirisha alipenda kujiremba. Mwaka wake wa kwanza alifundisha na midomo mitupu, na darasa likapoteza nusu ya maneno, maana rangi ya midomo yake ilikuwa ileile ya uso, na kutoka madawati ya nyuma mpaka wa midomo haukuonekana. Akajaribu kupaka rangi nyekundu. Watoto wakaitazama rangi, maneno wakayaacha yapite. Akajaribu lipglosi inayong'aa kama kioo. Dirisha zima likahamia mdomoni mwake, na mvulana mmoja akamweleza kwa ishara kwamba anaona miti.

Ndipo alipoamua kuwaachia wenye macho wachague. Alileta vichupa kadhaa, akapaka kimoja, akatamka sentensi, akafuta, akapaka kingine, akatamka ileile, kisha darasa likapiga kura. Ikashinda lipglosi tulivu ya hudhurungi yenye wekundu wa mbali, iliyokolea kuliko ngozi yake kwa kiasi kidogo tu. Mng'ao wake aliupunguza kwa kubana karatasi laini katikati ya midomo. Muuza vipodozi alimsikitikia sana: "Dada yangu, hii si sawa na kutopaka? Chukua basi inayomfanya mzee nyumbani ageuke!" Alichukua ileile, na akaendelea kuichukua. Kila darasa jipya lilipewa nafasi ya kupiga kura upya, na mara chache sana lilichagua tofauti.

Waliopita mikononi mwake wametawanyika. Yupo fundi cherehani anayepokea oda za wateja kwa kuwatazama tu. Yupo kijana aliyelazwa baada ya ajali, akaona kupitia kioo cha mlango wa wodi madaktari wakizungumza juu ya mguu wake. Alisoma walichosema, akagonga kitanda mpaka wakaingia. Mguu ulikatwa. Lakini aliulizwa kwanza, na alipata kuwaona ndugu zake kabla.

Mwezi wa Januari, katikati ya somo, binti wa dawati la mbele alikuja mbio ofisini akatuambia kwa mikono kwamba maneno ya mwalimu yamekatika upande mmoja. Kilikuwa kiharusi, na mtoto huyo alikiona kabla ya mtu mzima yeyote.

Alirudi kazini Aprili, akitembea vizuri, akili yake timamu. Upande wa kushoto wa mdomo haukurudi naye. Kila asubuhi alipaka lipglosi yake akiinua kona ya mdomo kwa kidole, ili mstari unyooke walau wakati wa kupaka. Na ajabu ni kwamba darasa lilimwelewa! Alipozungumza, wote waliitikia kwa vichwa na kutabasamu. Hali ilikwenda hivyo hadi siku aliyowaambia, bila kubadili uso, kwamba paa linaungua na watoke nje upesi. Waliitikia kwa vichwa, wakatabasamu. Walikuwa wamekubaliana wao kwa wao, kwa mapenzi, wamfiche kwamba hawaambulii kitu. Mchana wa siku hiyo aliomba kustaafu.

Chumba kilikabidhiwa kwa mwalimu wa hisabati, bwana mwenye masharubu aliyoyalea tangu harusi yake. Mwalimu Dirisha aliyatazama, kisha akamchorea wembe hewani. Yakanyolewa. Tunaarifiwa kuwa jioni ile mkewe alifungua mlango akamuuliza anamtafuta nani. Hata hivyo midomo yake nayo ilipotelea usoni, basi darasa likapiga kura, likamchagulia lipglosi yake, ya kahawia iliyofifia. Asubuhi aliyoingia nayo ofisini, mhasibu alimsimamisha: "Haya mwalimu, umekula nini huko bila kutukaribisha?" Mpishi akadakia, "Mwacheni, bado hajajifuta!" Hakujifuta. Ameipaka kila siku tangu hapo.

Bado hajafikia pale tunapotaka. Hujisahau akaongea huku akiandika ubaoni, na kwa wiki nyingi watoto wamekuwa wakiokota neno hapa na neno pale. Hilo ndilo lililomnyima Mwalimu Dirisha usingizi kuliko ugonjwa wenyewe.

Jumatatu iliyopita alikuja akaketi nyuma ya darasa, akamwandikia mrithi wake sentensi moja, akamtaka aitamke bila kutumia mikono: Mwalimu wenu anaondoka Ijumaa, na hatarudi. Mara ya kwanza nyuso zilibaki tupu. Mrithi akausogelea mwanga, akaitamka tena, polepole. Binti wa dawati la mbele akainuka, akaufunga mlango, akauegemea kwa mgongo, mikono ameitandaza. Wenzake wakaanza kuburuta madawati kwenda kumsaidia. Mwalimu Dirisha, machozi yakimtoka, aliupigapiga mkono wa mrithi wake. Walikuwa wamesoma kila neno.

Mwalimu, asante kwa watoto uliowapa njia ya kujua wanachoambiwa. Madaktari hawajaahidi lolote juu ya mdomo wako, nasi hatuthubutu kuahidi kwa niaba yao. Unakwenda kuishi kwa dada yako. Tunakuombea huko afya isiyorudi nyuma, tunakutakia maisha mema, na kando yako watu wenye subira ya kungoja umalize sentensi.