Blogu Iliyonipeleka Kagunga

Sifa zimrudie Bwana, ndugu zangu! Nawasalimu nyote, wa viti vya mbele na ninyi mliobanana kule mlangoni. Mnanifahamu. Mimi ni Skolastika, mwalimu wa Biolojia hapa Gungu, yule anayeongoza maombi ya akina mama kila Alhamisi. Mmezoea kunisikia nikiwaombea wengine. Leo nimeomba nafasi niseme yangu, na mnivumilie, maana kuna mahali bado sauti inanikatika.

Ndugu zangu, mimi sikuwa mlevi. Sikuwa mchawi wala mwizi. Mimi nilikuwa na ulimi! Ulimi wangu ulikata watu. Nikiingia darasani, watoto wananyamaza kwa hofu, nami najiambia, ona wanavyoniheshimu. Mtoto akikosea Kiingereza, namfanya kichekesho. Akiongea Kiswahili chenye Kiha ndani yake, namwiga mbele ya wenzake mpaka darasa zima licheke.

Na mimi ni nani? Mimi ni Muha wa Simbo! Mama yangu analima mihogo kule mpaka leo. Nilipokwenda chuo cha ualimu, mbali na huku, wenzangu walicheka matamshi yangu, na nililia sana. Nikajisugua ulimi mpaka Kiha chote kikatoka. Kisha nikarudi nyumbani kuwafanyia watoto wa watu kile kile nilichofanyiwa.

Kulikuwa na binti mmoja kidato cha tatu, anaitwa Editha. Kwao ni Kagunga, huko mpakani na Burundi, na hapa Gungu alikaa kwa shangazi yake ili asome. Mpole, mrefu, anakaa dirishani. Siku moja nafundisha jinsi viumbe wanavyolana, nikauliza: nani atanipa mfano kutoka ziwani kwetu? Editha akasimama. Jina la Kiingereza hakulijua, akasema, "Mwalimu, ndagala analiwa na mgebuka." Alisema ndagala, kama wasemavyo wavuvi wetu, maana yake dagaa, na mgebuka ni yule samaki mkubwa anayewawinda. Na jibu lilikuwa sahihi kabisa!

Unajua nilimwambia nini? Nilimwambia, "Hapa ni darasani, Editha. Kama unataka kuuza samaki, rudi mwaloni kwa wavuvi." Darasa likaangua kicheko. Kuanzia siku ile wakamwita Ndagala, kwenye foleni ya maji, uwanjani, njiani. Akavumilia wiki mbili. Wiki ya tatu kiti chake kikabaki kitupu. Nami, ndugu zangu, nikachukua kitabu cha mahudhurio nikaandika: mtoro. Nikaendelea na kipindi.

Miaka miwili ikapita. Nikaanza masomo ya shahada ya uzamili katika elimu, yale ya masafa, unasoma huku unafanya kazi. Niseme kweli, nilitaka cheo. Muhula wa pili mhadhiri wetu akatupa kazi: kila mwalimu afungue blogu, aitumie kufundishia wanafunzi wake muhula mzima, kisha aandike kile ambacho blogu hiyo imemfundisha yeye mwenyewe. Blogu! Mimi ambaye simu yangu ilikuwa ya kupigia na kutumiana picha za harusi!

Hapa lazima nimtaje Mwalimu Hamisi, anayefundisha kompyuta shuleni kwetu, mtu wa Ujiji. Si wa imani yetu, lakini ndugu zangu, Mungu alimtumia. Kila siku baada ya vipindi alikaa nami ofisini hadi karibu na magharibi, hachoki, hanicheki. Nikibonyeza pabaya nikapoteza ukurasa mzima, anasema, "Hakuna kilichoharibika, dada. Tuanze tena." Dada! Mimi niliyewatukana watoto kwa kukosea neno moja, mtu ananiambia tuanze tena mara kumi kwa siku, na anatabasamu. Nilikuwa naona aibu, sijui kwa nini.

Basi nikaandika. Kwa kuwa kwenye blogu hakuna mtu wa kumkazia macho, niliandika kwa utulivu. Kila somo niliweka Kiingereza cha mtihani, chini yake nikaeleza kwa Kiswahili chepesi. Nilikwenda mwalo wa Kibirizi nikapiga picha za dagaa walioanikwa, za mgebuka, za maji yenyewe. Wanafunzi walisoma kwenye simu za wazazi, na asiye na simu nilimbandikia karatasi ubaoni. Lakini pale chini, mahali pa msomaji kuacha maoni, palikuwa patupu. Wiki ya kwanza, patupu. Ya pili, patupu. Watoto waliniogopa hata kwenye simu!

Wiki ya nne nikafungua nikakuta maoni. Nikasoma. Yaliandikwa hivi: "Shikamoo mwalimu. Mimi ni Editha niliyekuwa kidato cha tatu. Dada yangu, mtoto wa shangazi, alinitumia blogu yako. Somo la viumbe kulana nimelisoma mara tatu na nimelielewa. Hapa unafundisha kwa upole. Mbona darasani hukuwa hivi?"

Ndugu zangu! Na jambo la kwanza nililowaza halikuwa mtoto yule. Nilimwaza mhadhiri wangu. Nikawaza, akifungua akaona haya, shahada yangu itakuwaje? Nikabonyeza, nikafuta. Mtoto nilimtoa darasani, na sasa namfuta hata kwenye blogu. Mara ya pili! Mniombee.

Alhamisi iliyofuata nikasimama mbele ya akina mama kuongoza maombi, mnakumbuka wale mliokuwepo, nikafungua kinywa na hakikutoka kitu. Mlidhani ni malaria. Mama Mchungaji akanipeleka nyumbani kwa bodaboda. Haikuwa malaria. Kila nilipofumba macho kusema "Baba," nilisikia swali lile: mbona darasani hukuwa hivi?

Jumamosi nikaenda Simbo kwa mama. Nilimkuta anamenya mihogo. Nikakaa chini nikamenya naye, nikamweleza yote, kuanzia kicheko hadi kufuta. Mama hana makelele. Alimaliza muhogo alioushika, akaniuliza, "Huyo mtoto alisema ndagala?"

Nikasema, "Ndiyo, mama."

"Na mimi nasema ndagala. Kwa hiyo siku nikija shuleni kwako utanicheka?"

Nililia pale chini kama mtoto, na mama akaniacha nilie, mkono wake wenye vumbi la mihogo uko mgongoni kwangu. Kisha akasema, "Mwanangu, ukimaliza kulia kamtafute. Mimi nitakuombea, lakini siwezi kwenda badala yako."

Hapo, ndugu zangu, ndipo Bwana aliponishika! Sikuona mwanga, sikusikia sauti kutoka juu. Nilisikia tu kwamba ule mzigo wa kutaka nionekane mkubwa umelegea. Jumatatu nikaandika kwenye blogu, si somo la Biolojia. Niliandika kwamba palikuwa na mwanafunzi aliyenijibu sahihi nami nikamwaibisha, akaacha shule, nikamwita mtoro. Kwamba ameniandikia swali la haki, nami nikalifuta kwa woga. Nikaliandika upya swali lake, neno kwa neno kama nilivyolikumbuka, na chini yake nikajibu: kwa sababu nilikuwa na kiburi na aibu ya kwetu. Nisamehe.

Nikabonyeza.

Asubuhi mkuu wa shule akaniita. Alikuwa amekasirika. "Mwalimu, umeianika shule yetu mbele ya watu. Futa."

Nikamwambia, "Shikamoo mkuu, na nisamehe. Jina la shule sikuliandika. Nimeandika langu. Nikifuta tena, sitaweza kuomba."

Akasema anaweza kuniandikia barua ya onyo, nikasema nitaipokea. Barua ile haijaja mpaka leo, na mkuu yule yule sasa ameruhusu walimu wenzangu watatu wafungue blogu za masomo yao. Mungu ni mwema!

Mhadhiri naye alinipigia simu. Nikajiandaa kusikia nimefeli. Akasema, "Skolastika, wengi wameniletea hesabu ya wasomaji. Wewe umeniletea msomaji mmoja. Mtafute huyo, kisha uandike." Nikapiga magoti kwenye korido ya shule, watoto wananishangaa!

Likizo ikaja, nikapanda boti pale Kibirizi kwenda Kagunga. Saa nyingi majini, milima upande wa kulia inashuka mpaka kwenye maji, nami nimekumbatia begi la vitabu. Nikashuka ufukweni nikauliza kwa akina Editha. Nikaonyeshwa mwanamke na binti wanaogeuza dagaa juu ya chanja. Binti akainuka. Alikuwa yeye, amekuwa mkubwa, mikono imejaa magamba.

Kabla sijasema neno, mama yake akanipigia makofi ya salamu za kwetu, nami nikapiga, na Kiha kikatoka kinywani mwangu mbele ya watu, kingi, kama maji yaliyokuwa yamezibwa! Editha akaziba mdomo kwa mshangao. "Mwalimu, kumbe nawe unajua?"

Nikamwambia, "Najua, Editha. Nilikuwa nakificha. Nimekuja kukuomba msamaha wewe na mama yako."

Ndugu zangu, ningependa kuwaambia kwamba alinirukia shingoni. Hapana. Alirudi kugeuza dagaa, kisha akasema, "Mwalimu, nililia sana mwaka ule. Moyo wangu bado haujamaliza. Lakini lile somo la chembe hai hukulimalizia kwenye blogu. Umekuja nalo?"

Nilicheka na kulia kwa pamoja! Nilikuwa nalo. Tukanawa mikono, tukakaa juu ya mtumbwi uliogeuzwa, nikamfundisha hadi jua likaelekea kuzama, na mama yake anasikiliza huku anageuza dagaa. Nilikaa pale siku nne, nalala kwao, nakula kwao. Siku ya mwisho Editha alinifungia dagaa kwenye gazeti, akaniita mama mkubwa. Sikumwambia aniite hivyo.

Tangu siku ile kila somo la blogu nililiandika nikimwona yeye akilisoma. Nikikuta sentensi ngumu, najiuliza, Editha ataielewa? Na watoto wa darasani wakaanza kuandika maoni, mmoja, wawili, mwishowe wakawa wanajibizana wenyewe, wengine kwa Kiha kabisa! Shahada nimeipata, namshukuru Mungu. Lakini si hiyo niliyokuja kuishuhudia.

Mwaka jana Editha alirudi Gungu. Amekaa kwangu, chumba kimoja na binti yangu, amejiandikisha kama mtahiniwa wa kujitegemea, na mwezi wa kumi na moja amefanya mtihani wa kidato cha nne. Yule pale, safu ya tano, amejificha nyuma ya Mama Mchungaji. Usijifiche, mwanangu!

Matokeo hayajatoka. Wengine wameniambia, subiri yatoke ndipo ushuhudie. Nimekataa! Nimesimama kabla hayajatoka, makusudi, kwa sababu akifaulu au asipofaulu, Bwana amekwisha kuniokoa. Namshukuru Yeye, namshukuru mama yangu, namshukuru kaka yangu Hamisi, na Mungu ambariki nyumbani kwake. Namshukuru na binti aliyethubutu kumuuliza mwalimu wake swali.

Ndugu yangu uliyeketi hapa, labda kuna mtu ulimvunja kwa mdomo wako ukaendelea na kazi. Usiogope kumtafuta. Mtegemee Bwana, panda boti. Mimi nilidhani nakwenda kule kumrudisha mtoto shuleni, kumbe aliyekuwa mtoro ni mimi. Apewe nani utukufu? Apewe Bwana! Amina.