Mama Masika na Zulia Ambalo Halikukatwa

Baada ya miaka ishirini na mmoja kwenye karakana yetu ya kukarabati mazulia hapa Doornfontein, Mama Masika anastaafu Ijumaa hii, tarehe 30 Novemba 2018.

Alitoka Butembo akiwa fundi cherehani, na zulia la kwanza la Kiajemi alilopewa alilishona kama suruali. Ilibidi alifumue. Tangu hapo alijifunza kwa kuligeuza kila zulia nyuma na kuhesabu mafundo, moja moja, hadi machozi yakamtoka. Akikuta rangi nyekundu imefifia ghafla katikati ya ua, haigusi. Husema hapo sufu ilimwishia mfumaji, akachovya nyingine kwenye rangi, na hiyo ndiyo sahihi yake.

Nimeshauriwa wasifu huu usitaje siku ya mkasi. Naitaja, kwa sababu bila siku hiyo huyu siye Mama Masika.

Machi 2016 mteja alitaka zulia lake la Kiajemi kutoka Kashan likatwe ukingo ili litoshe sebuleni. Msimamizi wetu, Bwana Alexis, alikubali, akachukua mkasi mkubwa. Mama Masika akavua viatu, akaketi katikati ya zulia na kikombe chake cha chai. Akatueleza kwamba pale katikati ni bustani na ukingo ni ukuta wake. Kuna mtu aliyefunga mafundo yale kwa vidole vyake, mwaka mzima na zaidi. Ukuta ukikatwa, bustani yote itafumuka.

"Mama, ondoka, mteja anangoja," alisema Bwana Alexis.

"Eish, Alexis! Kama munakata, mukate na mimi. Muanzie na kitenge."

Tulicheka wote isipokuwa Bwana Alexis. Mama akapewa barua ya onyo la mwisho, ambayo niliichapa mimi, karani wa ofisi. Alikuwa na watoto watatu shuleni na hakuwa na kazi nyingine. Hata hivyo alikataa kutia saini, na mstari wa saini uko mtupu kwenye faili hadi leo. Zulia nalo ni zima: mteja aliukunja ukingo chini ya kochi.

Héritière na Luqman, aliowafundisha kazi, wanabaki kwenye meza yake.

Jana alirudisha sindano, kitana na nyundo. Mkasi mkubwa aliomba aondoke nao. Ofisi ilitaka ubaki. Kwenye fomu nimeandika kwamba amepewa, na jina langu liko chini.

Asante, Mama. Tunakutakia mapumziko mema, na popote utakapoketi, asikuondoe mtu.